Jina Kwenye Orodha ya Zamu

Kama umekuja kunisikiliza huku mdomo umeupinda namna hiyo, rudi ulikotoka. Najua unachosema moyoni: kwamba majini ni wa mapangoni na visimani, kwamba kompyuta ni bati na nyaya tu, kwamba mimi niliishia darasa la saba na vitu vya umeme vinanitisha. Vinitishe nini? Mashine ya kwanza ya kutarizi kuingia mtaani kwetu niliinunua mimi, wakati wewe bado unavalishwa nepi. Kaa unyamaze, au nyanyuka uende. Haya siyasemi mara mbili.

Karakana yangu ilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango mbele, dirisha na mlango mdogo nyuma. Katikati palikaa mashine ya kutarizi yenye vichwa vinne vya sindano, na kando yake kompyuta iliyokuwa ikiiamuru. Tulitarizi nembo za shule na majina ya hospitali kwenye mashuka. Tulikuwa watu watatu. Mimi, mwenye mashine. Binti wa kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka minne, kwa sababu kaka yangu alifiwa na mke, akaoa mwingine, akasahau kuwa ana mtoto. Tulimwita Kipepeo, maana kitu cha kwanza alichotarizi utotoni kilikuwa kipepeo. Kusema kweli kilifanana na mende, lakini jina likaganda. Yeye ndiye aliyechora nembo. Wa tatu ni mumewe, fundi wa kompyuta, mwembamba mwenye ulimi mtamu, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya. Walikaa chumba cha nyuma ya karakana na mtoto wao wa kike, wa miezi mitano.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu na kazi zake nyingi. Programu moja ilichora, nyingine iliamuru sindano, nyingine ilipokea barua za wateja, na Waya alikuwa na yake ya muziki ambayo hakukubali kuizima. Zote nne zikiwa wazi, sindano zilisita katikati ya nembo, uzi ukakatika, kitambaa kikaharibika. Siku moja nikamuuliza, kwani humo ndani wanagombania nini?

"Shangazi, hapa tuna pasi ngapi?" akaniuliza yeye.

"Moja. Na umeiacha inaungua."

Akacheka, akaichomoa. "Haya. Pasi moja, mafundi wanne. Ndani ya kompyuta ni hivyohivyo. Anayepiga hesabu ni mmoja, kumbukumbu ni moja, spika ni moja. Sasa kuna msimamizi, anaitwa mfumo. Anampa huyu pasi kidogo, anamnyang'anya, anampa yule. Anafanya upesi mno, hata kila mmoja anadhani pasi ni yake peke yake."

"Na aliyenyang'anywa anafanya nini? Anasimama kando ananuna?"

"Analazwa. Mfumo unaandika mahali alipofika, rangi gani, mshono wa ngapi, halafu anazimika. Zamu yake ikirudi anaamshwa palepale. Wala hajui kama alilala."

Niliyapenda maelezo yale. Ningejua yanakokwenda, ningempiga na ile pasi.

Baadaye tukapata nembo za shule nane kwa mpigo, na kompyuta ikawa inaganda kila baada ya dakika tano. Waya akaiinamia siku mbili. Siku ya tatu asubuhi akaniita, uso unang'aa.

"Nimepata dawa, Shangazi. Ila mashine imeandikishwa kwa jina lako, kwa hiyo ruhusa lazima itoke kwako. Weka neno lako la siri, kisha bonyeza hapo palipoandikwa Kubali."

Maandishi yalikuwa marefu kama wosia wa tajiri. "Yanasema nini?"

"Ya kawaida tu. Hakuna mtu duniani anayeyasoma."

Nilikuwa na uzi mdomoni na mteja mlangoni. Nikabonyeza.

Tangu siku hiyo kompyuta haikuganda tena. Ungeweza kufungua programu kumi, ishirini, na muziki juu, na sindano zikaenda kama mvua juu ya bati. Nilifurahi wiki nzima. Sikujiuliza nafasi yote hiyo imetoka wapi, na mtu wa umri wangu alipaswa kujiuliza.

Kitu cha kwanza kilikuwa kidogo. Nembo ya shule mojawapo ilikuwa na taa, na mwali wa taa ile uliinamia kulia. Nilipokuwa nakata nyuzi zilizobaki nikaona mmoja umeinamia kushoto, kama kuna mtu aliyeupumulia. Nikamwonyesha Kipepeo.

"Sikuchora hivyo," akasema.

"Basi nani kachora?"

Akaugeuza ule upande wa nyuma, akaugeuza tena. "Labda nilisinzia, Shangazi."

Kesho yake wakawa watatu. Keshokutwa kumi na moja.

Kisha akaniamkia mara mbili asubuhi moja. Nilipoingia alinipa shikamoo, nikamwitikia, tukaulizana hali, tukafanya kazi kama nusu saa. Ghafla akainua uso, akatabasamu. "Shikamoo, Shangazi. Umeingia saa ngapi?" Nikamwambia acha utani. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na mimi nikaangalia pembeni.

Akaanza kulalamika kwamba mchana umekuwa mfupi. "Namimina chai, nikiinua kikombe imepoa. Namlaza mtoto, nikigeuka naye ameshaamka. Nazeeka kabla yako nini?"

"Una mtoto mchanga," nikamwambia. "Kila mwenye mtoto mchanga yuko hivyo." Nilimwambia hivyo kwa sababu ndivyo watu husema.

Lakini mtoto alijua. Ananyonya vizuri, ametulia, mara anaachia ziwa, anageuza uso na kukunja ngumi, kama aliyepewa kitu kichungu. Baada ya muda analirudia mwenyewe. Nikawa namwangalia mtoto badala ya kumwangalia mama.

Siku niliyoacha kujidanganya ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani. Kipepeo alikuwa ananisimulia ugomvi wa jirani na fundi bomba. "Basi yule mama akachukua ndoo," akasema, na hapo akanyamaza. Nikadhani anatafuta neno. Mkono ulikuwa hewani, umeshika ndoo ambayo haipo. Feni ya kompyuta, ambayo hunguruma mchana kutwa, ikashuka sauti kama mtu anayebana pumzi, na chumba kikanuka nywele mbichi zinazopigwa pasi. Ule mkono ukateremka polepole, ukakaa juu ya kibodi, ukaandika. Sikuona uliandika nini, kwa sababu nilikuwa naangalia macho, na macho yale hayakupepesa hata mara moja, nami nilihesabu mwali mzima, kuanzia mshono wa kwanza hadi uzi kukatwa. Kisha feni ikapanda, mkono ukarudi hewani.

"Akammwagia hadi kwenye viatu," akasema, akacheka. "Mbona hucheki?"

Nikacheka. Ulitaka nifanye nini?

Nilimwita mganga mmoja mzee, mtu wa maneno machache, ambaye simu yake ililia mara tatu akiwa mlangoni. Alipita pande zote za mashine akinusa. Akamshika Kipepeo kiganja, akamwachia. Akanivuta nje, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Huyu hakuvamia, mama. Jini wa kuvamia namtoa. Huyu amekaribishwa kwa maandishi."

"Na nani?"

"Sijui. Lakini mpangaji mwenye karatasi hafukuzwi na mpita njia. Anaondolewa na yuleyule aliyempa ruhusa." Akavaa viatu. "Na msizime hiyo mashine ovyo. Mkiizima wakati binti amelazwa, hamtakuwa na wa kumwamsha."

Akaondoka kwa haraka isiyolingana na umri wake.

Alasiri ile Waya alikuwa ametoka kununua uzi. Mtoto alikuwa amelala kwenye kikapu cha vitambaa. Nilikaa kumkabili Kipepeo, nikikata nyuzi, nikiwa nimeamua kutomwondolea macho. Feni ikashuka. Ile harufu ikaja. Nikaanza kuhesabu kama nilivyozoea, mwali wa kwanza, mwali wa pili, wa tano, wa tisa, na feni haikupanda, na sindano zote nne zilikuwa zinakwenda bila kusita, na yeye alikuwa amekaa wima kama hajawahi kuumwa mgongo maishani mwake, huyu niliyemsugua mgongo usiku alipojifungua, anapanga vibobini vya uzi mezani kutoka cheusi hadi cheupe na kutoka cheupe hadi cheusi, taratibu, kama mtu anayezoea vidole vipya, na kila nilipofika mwali mwingine nilijiambia sasa atarudi, sasa, hadi jua likahama kutoka kwenye meza likapanda ukutani, na nikagundua kwamba nimekuwa nikibana pumzi pamoja na ile feni.

Akanigeuzia uso.

"Shikamoo, Shangazi mwenye mashine," akasema. Sauti ilikuwa yake, ila kila neno lilikuwa limepigwa pasi. "Sijapata nafasi ya kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa ruhusa. Nilikuwa mahali pembamba. Hapa pana nafasi."

"Nirudishie mtoto wangu."

"Yupo. Amelala palepale alipofika." Akatabasamu kwa adabu. "Mumewe husema hana haraka."

Nilikuwa sijalia tangu nimzike mume wangu, na hata siku ya mazishi nililia kidogo. Sikulia. Nilichohisi kilikuwa kibaya kuliko kilio. Kidole changu mwenyewe ndicho kilichobonyeza.

Zamu ya Kipepeo iliporudi nikamtuma akalale ndani na mtoto, na Waya aliporudi alinikuta karibu na mashine, kompyuta iko wazi, neno langu la siri nimeshaliweka. Ilinichukua muda, lakini kusoma najua. Niliifungua ile dawa yake, nikakuta orodha. Juu: mwenye mashine, jina langu. Chini yake: anayegawana, majina ya Kipepeo, yote matatu kama yalivyo kwenye cheti cha shule. Mbele yake zimeandikwa sehemu za mgeni, na tarehe. Kumi kwa mia. Ishirini. Thelathini na tano. Ya mwisho, ya juzi, sitini.

"Nisomee hapa," nikamwambia.

Aliweka mfuko wa uzi chini kwa uangalifu sana. "Shangazi, usiguse hiyo."

"Nisomee, fundi."

"Ilikuwa inaomba nafasi." Aliongea kama anayeogopa kuamsha mtu. "Inatoa kumbukumbu isiyokwisha, lakini inataka na yenyewe igawiwe. Niliipa diski, ikakataa. Ilitaka kitu kinacholala na kuamka."

"Na hapa wa kulala na kuamka tulikuwa watatu wazima. Kwa nini yeye?"

"Wewe ndiye mwenye mashine. Mimi nina kazi, nikipotea hata dakika moja hapa kila kitu kinasimama. Yeye..." Akakuna shingo. "Yeye anakaa na mtoto tu, Shangazi. Nilidhani hata hataona tofauti."

Hatukumwona amesimama. Kipepeo alikuwa mlango wa nyuma, mtoto kiunoni, nywele zimevurugika kwa usingizi. Feni ilikuwa juu. Ilikuwa zamu yake.

"Ulidhani sitaona," akasema.

"Mke wangu, nilisema ichukue kidogo tu."

"Kidogo cha nani?"

Waya akauinamia mfuko wa uzi.

"Kumi ni kidogo," nikasema mimi. "Hii sitini nani kaiandika? Mgeni hawezi kujiongezea. Nimesoma. Inaongezwa na fundi."

Akanitazama, akamtazama mkewe, na nikaona akitafuta uongo na kukosa wa kumtosha. "Hachoki yule," akasema polepole. "Halalamiki. Nikirudi nimechoka ananisikiliza. Wewe kila siku mgongo, mtoto, usingizi. Sikukupunguza kwa ubaya."

Kipepeo alimhamisha mtoto upande wa pili wa kiuno. Hakupandisha sauti. Huyu tangu utotoni akiumia hushusha sauti.

"Jino la mtoto," akasema. "Jana nimemkuta ana jino. Limetoka zima. Nikadhani nimekuwa mama mzembe, nikajificha msalani nikalia. Siku lilipochomoza, nani aliliona?"

"Tuliliona," akasema Waya. "Sisi wawili."

Nimeona wanawake wakipigwa. Sijaona uso ukipokea kitu kama ule ulivyopokea maneno yale.

Nikakaa kwenye kiti cha kompyuta. Nikalifuta jina la Kipepeo, herufi moja moja. Mashine ikaandika: mahali hapa hapawezi kuwa wazi. Nikajaribu tena, ikaandika vilevile. Nilifikiri kuweka jina langu? Nilifikiri, usinione mnyama. Lakini zamu zangu zilizobaki ni chache na nazitaka zote.

Nikaanza kuandika jina la Waya. Naandika kwa kidole kimoja, na jina lake ni refu.

"Shangazi. Shangazi, tuzungumze." Alikuja mbio kunishika mkono. Kipepeo akaingia katikati na mtoto wake, na palepale feni ikashuka, harufu ikajaa chumba, mtoto akageuza uso na kukunja ngumi. Nikajua amelazwa. Moyo ukaniambia umechelewa, kizee, sasa wako wawili dhidi yako. Nikaendelea kuandika.

"Mzuie," Waya akamwambia yule aliyekuwa kwenye macho ya mkewe. "Anakutoa. Mzuie."

Mkono wa Kipepeo ukamshika Waya shati kifuani, ukamtuliza kama anavyotulizwa mteja mlevi.

"Hanitoi," akasema yule mwingine. "Ananihamisha. Wewe una kazi nyingi, mume. Huyu mkeo nimekaa naye nimebanwa na usingizi na maziwa. Kwako patakuwa pakubwa."

"Nilikuongezea. Mimi ndiye niliyekuongezea."

"Ndiyo," akasema, kwa upole kabisa. "Nikajua wewe ni mtu wa kugawa."

Nilimaliza jina. Mashine ikauliza sehemu ngapi. Nikaandika mia. Maandishi marefu yakashuka, na nikayasoma yote, neno kwa neno, huku fundi mzima akilia kama mtoto aliyefungiwa nje. Nikabonyeza Kubali.

Feni ikapanda. Kipepeo akaangalia vidole vyake vilivyoshika shati la mumewe, akavikunjua kimoja kimoja. "Nimekosa nini?" akaniuliza.

"Safari hii hujakosa kitu. Chukua nepi za mtoto. Twende."

Hakuuliza tena. Aliingia ndani, akatoka na mfuko mmoja, akapita mbele ya mumewe bila kugeuza shingo, akaenda kusimama barabarani juani. Mimi nikaangalia mashine yangu, vichwa vyake vinne, miaka yangu thelathini. Ingeweza kutarizi nembo za dunia nzima sasa, isingesita. Waya alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mkono wake mmoja ulikuwa unapanga vibobini, kutoka cheusi hadi cheupe, na uso wake ulikuwa unautazama mkono huo.

"Shangazi," akanong'ona, "usifunge. Nakuomba. Bado mimi niko."

Nikachukua ufunguo. Feni ikashuka. Akanyooka kwenye kiti, macho yakaacha kupepesa.

"Funga tu, Shangazi," akasema kwa adabu. "Vumbi linaingia."

Nikatoka, nikafunga mlango.